Askofu Mkuu Alexandre Le Roy: Mmisionari Aliyefika Kilema na Kalamu Mkononi

Kila tunapokumbuka chimbuko la imani Katoliki katika miteremko ya Kilimanjaro, jina la Kilema hutangulia majina mengine yote, na pamoja nalo hutajwa wamisionari watatu wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika huko mwaka 1890. Mhashamu Raoul de Courmont, aliyekuwa Vika wa Kitume wa Zanguebar, ndiye aliyeongoza msafara. Padre Auguste Gommenginger ndiye aliyerudi mwaka uliofuata ili kujenga na kukaa. Wa tatu, Padre Alexandre Le Roy, hakukaa muda mrefu mlimani. Lakini ndiye aliyeandika. Bila kalamu yake, mengi tunayoyasimulia leo juu ya safari ile yangekuwa yamepotea.

Tumezoea kumkumbuka Le Roy kama mwanzilishi, na baadaye kama Mkuu wa Shirika lake. Leo tungependa kumtazama kwa upande usiozungumzwa sana parokiani: upande wa mtafiti, mtu wa vitabu, ambaye maandiko yake yalisomwa na wanajiografia, wanaisimu, wanataalimungu na wachunguzi wa dini za dunia. Tunafanya hivyo kwa sababu vijana wetu wengi, wakiwemo wanaosoma katika Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge hapa Moshi, wanaishi katika zama ambamo mwanazuoni hupimwa kwa hesabu: amechapisha maandiko mangapi, na wenzake wamemnukuu mara ngapi. Maisha ya Le Roy yanatusaidia kuona hesabu hiyo inafichua nini na inaficha nini.

Kutoka Normandy hadi Bagamoyo

Alexandre Le Roy alizaliwa tarehe 19 Januari 1854 katika kijiji cha Saint-Senier-de-Beuvron, jimbo la Normandy nchini Ufaransa, kwenye familia ya wakulima. Alijiunga na Shirika la Roho Mtakatifu na kupewa daraja takatifu ya upadre mwaka 1876. Kwanza alitumwa kufundisha shuleni, pamoja na huko Pondicherry, India. Mwaka 1881 alifika katika pwani ya Afrika Mashariki, akapangiwa kazi katika misioni ya Bagamoyo.

Bagamoyo ya wakati huo ilikuwa shule kubwa kwa yeyote aliyetaka kujifunza. Misioni ilikuwa imeanzishwa mwaka 1868 na Padre Antoine Horner, na ndani yake waliishi watu waliokombolewa utumwani, waliotoka katika makabila mengi ya bara. Misafara kutoka Unyamwezi na Ziwa Tanganyika iliishia hapo. Mtu aliyetega sikio aliweza kusikia lugha nyingi na habari za nchi ambazo Wazungu hawakuwa wamezichora kwenye ramani zao.

Katika nyumba hiyohiyo Le Roy alikuta ndugu mwenye karama kama yake, Padre Charles Sacleux, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1879. Sacleux alikusanya mimea na maneno kwa bidii ileile. Mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Henri Baillon, aliita jenasi moja ya mimea Sacleuxia kwa heshima yake, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, yenye kurasa zaidi ya 1,000, ilianza kutoka mwaka 1939. Hata leo mtu anayetafiti Kiswahili cha zamani au lahaja za pwani hawezi kuipita kamusi hiyo. Tunamtaja Sacleux ili ionekane kwamba Le Roy hakuwa mtu wa pekee. Alilelewa katika jumuiya iliyoamini kwamba kuijua nchi na watu wake ni sehemu ya kuwapenda.

Le Roy alianza kuandika mapema. Mwaka 1886, pamoja na Padre Étienne Baur, alitoa kitabu juu ya safari zao katika nchi za Wadoe, Wazigua, Wakwere, watu wa Ukami na Wasagara. Mwaka 1894 kilifuata kitabu kingine juu ya safari ya pwani kutoka Aden hadi Zanzibar. Alikuwa pia na kipaji cha kuchora, na michoro yake mwenyewe ilipamba taarifa alizopeleka Ulaya.

Safari ya Kilimanjaro

Mwaka 1890 ulikuwa mwaka wa misukosuko. Tarehe 1 Julai Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika Mashariki, bila kuwauliza wenyeji. Miezi michache kabla, Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikuwa wamefika kileleni. Ndipo wamisionari wetu watatu walipopanda kutoka pwani, pamoja na wapagazi na wakalimani, kupitia Taveta hadi katika nchi za Wachagga.

Wakati huo Wachagga hawakuwa chini ya mtawala mmoja. Rindi alitawala Moshi na alikuwa amefanya urafiki na Wajerumani. Sina wa Kibosho alikuwa hasimu wake mkubwa. Na kila nchi ilikuwa na Mangi wake. Huko Kilema Mangi Fumba aliwapokea wageni, na uamuzi wa kuweka misioni ukaangukia hapo. Gommenginger aliporudi mwaka 1891, kazi ikaanza. Misioni ya Kibosho ikafuata mwaka 1893.

Kilema ilikuwa na historia nyingine inayogusa mada yetu. Mwaka 1848 Mchungaji Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na shirika la kimisionari la Kianglikana, alifika Kilema kwa Mangi Masaki, na safarini aliona theluji juu ya mlima. Taarifa yake ilichapishwa mwaka uliofuata. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hii, aliikataa kabisa na kuendelea kuipinga kwa miaka. Taarifa ya Rebmann ilitajwa sana, lakini mara nyingi ilitajwa ili ikanushwe. Ilibidi Baron von der Decken aupande mlima kwa sehemu mwaka 1861 na 1862 ndipo wanazuoni wakaanza kukubali jambo ambalo kila mtoto wa Kilema alilijua. Tangu hapo tunaona kwamba kutajwa mara nyingi na kusema kweli si jambo moja.

Le Roy aliandika habari za safari ya 1890 kwa urefu. Kwanza zilitoka kwa sehemu katika jarida la Kikatoliki la Les Missions Catholiques, kisha zikawa kitabu mwaka 1893, Au Kilima-ndjaro, yaani Kwenda Kilimanjaro. Ndani yake msomaji hukuta njia, mito, migomba, mifereji ya maji iliyochimbwa na wenyeji, masoko, mavazi, silaha, tabia za watawala na maswali waliyowauliza wageni. Kitabu kina kasoro za wakati wake. Mwandishi huangalia kwa macho ya Mzungu wa karne ya 19, na mara nyingine hucheka pale ambapo angepaswa kuuliza. Hata hivyo, kwa kuwa alitaja mahali, watu na nyakati, wanahistoria wanaweza kulinganisha maneno yake na mapokeo ya wazee. Taarifa iliyoandikwa kwa uangalifu hubaki na faida hata pale ambapo maoni ya mwandishi yamepitwa na wakati.

Askofu, Mkuu wa Shirika na mwalimu

Mwaka 1892 Le Roy aliteuliwa kuwa Vika wa Kitume wa Gabon na kuwekwa wakfu kuwa Askofu. Huko alipata nafasi ya kuwafahamu watu wa misitu ya Ikweta, ambao Wazungu waliwaita Mbilikimo, na aliandika kitabu juu yao. Mwaka 1896 alichaguliwa kuwa Mkuu wa Shirika lote la Roho Mtakatifu, wadhifa alioushika kwa miaka 30, hadi mwaka 1926. Ni katika kipindi chake, mwaka 1910, Vikarieti ya Kitume ya Kilimanjaro ilipoundwa, ambayo mwaka 1953 ikawa Jimbo la Moshi. Mwaka 1921 alishirikiana na Eugénie Caps kuanzisha shirika la Masista Wamisionari wa Roho Mtakatifu. Aliaga dunia mjini Paris mwaka 1938, akiwa na miaka 84.

Katikati ya majukumu hayo hakuweka kalamu chini. Mwaka 1906 Padre Wilhelm Schmidt wa Shirika la Neno la Mungu alianzisha huko Austria jarida la Anthropos, ambalo lingekuwa moja ya majarida makubwa duniani ya elimu ya makabila na lugha. Makala yaliyofungua toleo la kwanza yaliandikwa na Le Roy, na mada yake ilikuwa nafasi ya wamisionari katika sayansi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mmisionari hukaa na watu kwa miaka, hujua lugha yao, huzika wafu wao na kubariki ndoa zao, kwa hiyo ana wajibu wa kuandika anachokiona kwa usahihi, wala asiwaachie kazi hiyo wasafiri wanaopita kwa siku chache.

Miaka michache baadaye, Taasisi ya Kikatoliki ya Paris ilimwomba afundishe historia ya dini. Mihadhara hiyo ikawa kitabu chake mashuhuri kuliko vyote, La Religion des primitifs, kilichochapishwa mwaka 1909 na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1922. Neno lililomo katika jina la kitabu, linalowaita watu wa Afrika watu wa hali ya mwanzo, linatuumiza leo, na ni haki lituumize. Lakini yafaa tujue alilitumia kupinga nini.

Wakati ule wanazuoni wakubwa wa Ulaya, wakifuata nyayo za Edward Tylor na James Frazer, walifundisha kwamba dini ya mwanadamu ilianzia katika kuamini mizimu au katika uchawi, na kwamba kumjua Mungu mmoja ni tunda la ustaarabu wa baadaye. Wengi wao hawakuwahi kuishi na watu waliowaandika. Le Roy, akitegemea uzoefu wa karibu miaka 20 umisionarini, alijibu kwamba mambo hayako hivyo. Alieleza jinsi alivyofika Afrika akiwa na mawazo ya vitabuni, na jinsi maisha pamoja na watu yalivyomfundisha vingine. Kwa Wabantu wengi alikuta jina la Mungu aliye juu ya yote, imani katika roho isiyokufa, sadaka, sala, dhamiri na miiko. Uchawi, kwa maoni yake, haukuwa mzizi wa dini. Ulikuwa kama kwekwe inayoota katika shamba lake.

Sisi tuliozaliwa katika miteremko hii tunajua kwamba wazee walimtaja Ruwa kabla ya mmisionari wa kwanza kufika. Kwa hiyo hoja ya Le Roy inaweza kuonekana kama jambo la kawaida. Huko Paris mwaka 1909 haikuwa ya kawaida.

Hesabu ya kunukuliwa

Sasa tuulize: mwanazuoni huyu alikuwa na uzito gani? Mwaka 1964 huko Marekani, Eugene Garfield alianza kuchapisha fahirisi kubwa inayoonyesha ni makala gani ya kisayansi imenukuliwa na nani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akapendekeza kipimo rahisi: mtafiti mwenye maandiko 10 ambayo kila moja limenukuliwa walau mara 10 hupewa namba 10, na kadhalika kwenda juu. Vipimo hivi vina manufaa yake. Huonyesha ni kazi zipi zimesomwa na kutumiwa, na husaidia chuo kutowapandisha cheo watu kwa kujuana.

Lakini vina mipaka. Vitabu vya zamani, majarida ya kimisionari na lugha zisizo Kiingereza huingia kwa shida katika hesabu hiyo. Zaidi ya hapo, kila fani ina mwendo wake: daktari wa maradhi ya kuambukiza anaweza kunukuliwa mamia ya mara katika miaka miwili, wakati mwanahistoria wa Uchagga husubiri miongo. Mtu kama Le Roy, aliyegusa jiografia, elimu ya makabila, historia ya dini na katekesi, hugawanyika kati ya fani, na hakuna fani moja inayombeba mzima.

Hata historia ya kunukuliwa kwake ina mafunzo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 jina lake lilikuwa likitajwa pamoja na la Padre Schmidt, aliyejenga nadharia kubwa ya imani ya mwanzo katika Mungu mmoja katika kazi yake ya juzuu 12, iliyotoka kati ya 1912 na 1955. Kisha upepo ukageuka. Wanafunzi wa Schmidt wenyewe waliiacha nadharia hiyo. Mwaka 1965 mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, aliyekuwa Mkatoliki, alionyesha kwamba kutafuta asili ya kwanza ya dini ni kutafuta kisichoweza kuthibitishwa, kwa upande huu na kwa upande ule. Mwaka 1970 mwandishi wa Uganda, Okot p'Bitek, aliwashutumu wataalamu wa Magharibi, na wamisionari pamoja nao, kwamba waliwavika Waafrika Mungu wa vitabu vya Wagiriki na wa Wakristo badala ya kueleza walichoamini kweli.

Shutuma hizo ni nzito, na hatuna sababu ya kuzikimbia. Le Roy alikuwa na hamu ya kuthibitisha jambo, na mwenye hamu hiyo huona haraka kile anachokitafuta. Muda wake Kilimanjaro ulikuwa mfupi mno kuweza kuijua dini ya Wachagga kwa undani. Kwa hilo alizidiwa mbali na Mchungaji Bruno Gutmann, Mlutheri aliyefika mwaka 1902, akakaa Moshi ya Kale kwa miaka mingi na kuandika juu ya sheria na mafundisho ya Wachagga, kikiwemo kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya sheria yao. Kusema hivyo si kumvunjia heshima Padre wetu. Kanuni aliyoiweka mwenyewe katika Anthropos, kwamba akaaye muda mrefu huona zaidi, ndiyo inayompa Gutmann nafasi ya juu.

Hata hivyo, jambo moja ambalo Le Roy alilitetea limepata makazi katika Kanisa lenyewe. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati zake juu ya dini zisizo za Kikristo na juu ya umisionari, ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine, na kwamba wamisionari wajifunze kwa heshima mapokeo ya watu wanaotumwa kwao. Hatusemi kwamba Mtaguso ulichukua fundisho hilo kutoka kwa Le Roy. Mito mingi iliingia katika ziwa hilo. Tunasema tu kwamba miaka 56 kabla, Mkuu wa shirika kubwa la kimisionari alikuwa akiwafundisha wasomi wa Paris kusikiliza kwanza.

Wasiotajwa

Kuna upande mmoja wa hesabu ambao hakuna kipimo kinachoufikia. Nyuma ya kila ukurasa wa Le Roy wamesimama watu waliomwambia mambo hayo: wapagazi waliojua njia, wakalimani waliogeuza Kichagga kuwa Kiswahili, akina mama sokoni, wazee wa Kilema waliokaa naye chini ya migomba. Mwandishi alinukuliwa, wao hawakunukuliwa. Fahirisi ya London au ya Philadelphia haiwezi kuwarudishia majina yao. Haki inatutaka tuseme kwamba elimu iliyobeba jina la Le Roy ilikuwa pia elimu ya watu wetu, waliyoitoa bila malipo na bila kuandikwa.

Watafiti wa leo wamepata njia za kusawazisha jambo hili kidogo. Historia ya misioni ya Bagamoyo iliyoandikwa na Paul Kollman mwaka 2005 ilitumia barua na taarifa za wamisionari kutafuta ndani yake watu waliokombolewa utumwani, yaani kusoma maandiko ya Mzungu ili kumwona Mwafrika aliyesimama pembeni ya ukurasa. Kazi ya namna hiyo huwezekana tu kwa sababu kuna aliyeandika na kuna aliyetunza.

Hapo, wapendwa, ndipo maisha ya Askofu Mkuu Le Roy yanapotugusa sisi wa Jimbo la Moshi. Katika parokia zetu kongwe, Kilema, Kibosho, Rombo na Uru, vimo vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya mazishi, na kumbukumbu za kila siku zilizoandikwa na mapadre na masista. Humo mmeandikwa majina ya babu na bibi zetu, wazazi wao na wadhamini wao, ambao hakuna jarida lililowahi kuwataja. Vitabu hivyo vinaliwa na unyevu na mchwa. Wazee wanaojua maana ya majina ya vijiji, mipaka ya mifongo na habari za makatekista wa kwanza wanaondoka mmoja baada ya mwingine.

Tunawaalika mapadre walezi, makatekista, vijana wasomi na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo waanze kuandika: jina la mzee anayesimulia, mahali, tarehe, na maneno yake kama alivyoyasema kwa Kichagga au kwa Kiswahili. Nakala moja ibaki parokiani, nyingine ipelekwe jimboni. Wengi wa watakaofanya kazi hiyo hawatanukuliwa na mtu yeyote. Lakini safari hii jina la aliyesimulia litakuwa limeandikwa juu ya ukurasa, mahali ambapo mwaka 1890 halikuandikwa.